Feni ya Sebuleni

Mwaka umetimia, Shoti wetu, tangu ututoke. Naandika mimi dada yako mkubwa kwa niaba ya wote, maana Baba kila akishika kalamu anaishia kufuta miwani.

Jina hilo ulijipatia utotoni, ulipochokonoa soketi kwa kijiko ukazima umeme nyumba nzima. Tukadhani umekoma. Kumbe ndiyo kwanza umeanza! Ulipopata nafasi chuo kikuu kusomea teknolojia ya uhandisi umeme, Shangazi alishika kiuno: "Miaka yote hiyo kubadilisha balbu tu?" Ukamkumbatia ukicheka. "Balbu utabadilisha mwenyewe, Shangazi. Mimi nakwenda kujua kwa nini yako inaungua kila mara."

Kila likizo ulirudi na mita yako ya kupimia umeme umeivika soksi isigongwe, na stori za karakana: mota mliyoifumua mkaisuka upya, mwalimu aliyewafokea mpime kwanza ndipo mjifanye mnajua. Uliongea bisibisi ikiwa mkononi. Majirani walileta vyao, nawe hukumfukuza mtu. Kitu kikipona hukutaka sifa, ulitaka kitumike. "Msikiweke kama sahani za wageni. Washeni!"

Likizo ya mwisho ulifika unasema kichwa kinakupasuka. Wenzako wakiumwa wanatandikiwa kitanda. Sisi tulikuwa tumekupangia mezani pasi, redio na feni ya sebuleni. "Malizia feni tu mwanangu, joto hili litatuua, kisha ukalale," Mama akasema, na sote tukamuunga mkono. Hukubisha. Ulifanya kazi jicho moja umelifumba. Feni ilipozunguka tukapiga makofi, wala hakuna aliyekugusa paji la uso.

Kesho yake hukuweza kuinuka. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, ilikuwa imeshakukamata, na hiyo kazi ya feni isingebadili kitu. Alitueleza kwa upole, akarudia. Tumeshindwa kumwamini.

Tangu hapo feni hiyo haijawashwa. Tunatoka jasho, tunajipepea kwa magazeti, na hakuna anayethubutu kuibonyeza. Juzi kaka yako alisema waziwazi, "Angetuona hivi angetufokea." Ni kweli, ungetufokea sana.

Leo mchana, ndugu na jamaa watakapokaa sebuleni, Mama ataiwasha mwenyewe. Amekataa kusaidiwa. Tusamehe, Shoti, tulikuona fundi wetu tukasahau kukuona mgonjwa.

Unakumbukwa na Baba na Mama, kaka yako, wenzako wa karakana, Shangazi ambaye sasa balbu anabadilisha mwenyewe huku akilia, na mimi. Hatutakusahau maisha yetu yote.

Lala sasa, mdogo wangu. Hakuna tena cha kutengeneza.