Nabad Uliyonipa Kwenye Taar

Abaayo, dada yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyonipeleka bweni kuitafuta, nawe ukabaki na ile ya sokoni tu, ya kubishana na wenye malori. Najua ungenicheka. Ungesema nimekosa kazi mpaka naandikia wafu. Nicheke tu. Mwaka umepita tangu tukuzike kwetu Eldas, na jambo hili sijamweleza mtu, maana wa kuelezwa ni wewe na niliyemkosea ni wewe.

Unakumbuka ulipokuja Garissa ukataka kuiona kazi yangu? Nilikuingiza kile chumba cha baridi katika ofisi ya misaada, chumba ambamo mtu angeweza kuomba blanketi saa nane mchana. Ukajifunika shali mpaka puani. Ukaizunguka seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba orodha zote za chakula, ukiikagua kama ngamia unayetaka kumnunua. Nami nikajigamba. Nikakwambia ndani yake kuna programu inayoulinda mwili wa mashine: joto likizidi, feni ikisimama, diski ikianza kuchoka, inatuma onyo yenyewe kwenye mtandao, na kompyuta zote za ofisi zinalia kwa pamoja. Hata Nairobi wanapata habari kupitia laini ya simu. Wanjala, mwenzangu kutoka Nairobi, alikuwepo, kwa hiyo ukamhurumia ukauliza kwa Kiswahili.

"Hii kombyuta kama haisemi kitu?"

"Basi ni nzima, mama," Wanjala akajibu.

"Wallahi hapana. Mtu mgonjwa sana hata yeye hasemi kitu. Nyinyi nakaa tu nangoja? Si nauliza yeye?"

Tulicheka, abaayo. Wiki nzima Wanjala alikuita mhandisi mkuu. Mimi nilicheka kuliko yeye, na mimi ndiye niliyepaswa kukuelewa.

Kwa maana wewe ndiye uliyenifundisha salamu. Kwetu mtu hamwagi habari mlangoni. Anaulizwa, "Ma nabad baa?" naye anajibu, "Waa nabad," ni amani, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Anaulizwa tena: mwili je, watoto je, mifugo je. Mara ya tatu au ya nne ndipo habari yenyewe inapotoka. Nilikuwa na miaka sita ulipolifinya sikio langu kwa sababu nilimpokea mgeni kwa kumwambia mbuzi wetu amekufa. Sikio liliwaka moto mpaka jioni.

Sasa siku ile. Eldas haikuwa na simu, ilikuwa na taar tu, ile redio ya masafa marefu, na mwenye taar alikuunganisha na redio ya ofisi yetu asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Nikaisikia sauti yako ikija na kuondoka katika mikwaruzo. Nikakuuliza kama ni nabad. Ukasema, "Waa nabad, walaal," ukiniita ndugu. Hapo hapo kompyuta zote nyuma yangu zikaanza kulia: feni ya seva imesimama, joto linapanda.

Nikasema, "Alhamdulillahi, abaayo, nitakuita baadaye, ova." Nikakimbia.

Feni niliibadilisha kwa robo saa. Ya akiba ilikuwa kabatini. Nikaandika ripoti yangu, nikanywa chai, nikasifiwa kwa wepesi. Sikukuita. Nilifikiri umenisalimu tu, na kwa kuwa umesema amani, basi ni amani. Nilikusikiliza kama ninavyoisikiliza mashine.

Siku sita baadaye taar iliita tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume, mwenye taar mwenyewe. Naye alianza na nabad. Nikaitika. Akaniuliza mwili, akaniuliza kazi, akaniuliza mvua ya Garissa, nami nikajibu moja baada ya nyingine, nikijua kwamba maswali yakiisha ni zamu yake kusema.

Siku hizi nimeibadilisha ile programu. Kila saa lazima seva itume ujumbe kwamba ni nzima, na ikikaa kimya tunaenda kuitazama. Nairobi wamenisifu tena, wanataka ofisi zote zifanye hivyo. Wanjala anajua ni wazo la nani. Aliposema jina lako nilitoka nje, nikalilia kando ya tangi la maji, mtu mzima mwenye ndevu.

Mwenye taar alinieleza yaliyobaki, tulipokaa msibani. Kwamba ulikuwa ukitoka damu kwa wiki kadhaa, ugonjwa ambao mwanamke hawezi kuutaja redioni, wanaume wakiwa wamejaa huku na huku. Kwamba ulitaka tu niulize mara mbili zaidi, ili uniombe gari la ofisi lililoko Wajir likufikishe hospitali. Nilipokata, alitaka kuniita tena, ukamkataza. Ukamwambia, "Ana kazi. Amesema ataniita." Ukakaa kwenye benchi mpaka alipofunga mlango kwenda kuswali Magharibi. Na kesho yake, abaayo, ukaja tena ukakaa.

Nimeshindwa kukuomba msamaha. Si kwa kiburi. Ni kwamba nakujua: ningekuomba, ungeniambia papo hapo umeshanisamehe, na mimi sasa sijui tena neno lako la kwanza lina nini nyuma yake.

Mola alipanue kaburi lako, akutumie huko mtu mwenye subira kuliko mimi.

Mdogo wako, uliyemlea