Jino Ulilomziba Mama Atupele

Dada Sekela,

Mwezi wa nne sasa tangu tukuzike kwenu Chitete, na kiti chako bado sijakitoa chumba cha meno. Wagonjwa wanawekea mikoba yao. Najua ungesema naanza kulialia kabla ya kusalimia. Haya, shikamoo.

Kazi ipo. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wanaingia wameshika mashavu kama zamani, na Wazambia bado wanakuulizia. Nikiwaambia, wananipa pole, halafu wanafungua midomo. Kinachonishinda ni kusoma eksirei peke yangu. Ulikuwa unaandika jino lililooza kwenye kikaratasi chako, mimi changu, bila kuchunguliana, kisha tunavifunua pamoja. Aliyekosea anachemsha chai. Nimechemsha chai nyingi mno chumba kile! Siku hizi hakuna wa kuniambia nimekosea.

Basi nikaifanya kompyuta ya eksirei ndiyo mwenzangu. Kile kitufe cha kukoleza picha, ambacho wewe hukukigusa kabla ya kuitazama picha ilivyotoka, mimi nikawa nakibonyeza kabla sijatazama chochote. Weusi unazidi, weupe unazidi, na kweli vitundu vidogo ambavyo jicho lingevipita vinaonekana. Zamani ulinitania, "Picha ikipendeza sana, iulize imejipaka nini." Nilicheka tu.

Wiki iliyopita alikuja Mama Atupele wa Mbebe, yule uliyemziba gego la chini mwaka juzi. Alisema likiguswa na maji ya baridi linamuuma. Nikapiga picha, nikaikoleza, nikaona mstari mweusi pembeni mwa dawa uliyozibia. Nikamwambia limeoza upya. Nikachimba, nikaitoa dawa yote. Dada, chini yake jino lilikuwa zima. Gumu, safi, kama ulivyoliacha.

Nikairudia picha ya mwanzo, ile isiyokolezwa. Mstari haukuwepo. Kompyuta ilikuwa imeuchora yenyewe, ikikoleza mpaka uliopo kati ya dawa na jino. Fizi ilikuwa imeshuka tu, mzizi ukawa wazi kwa baridi; ningetazama mdomoni kwa makini ningeona.

Nilichimbua kazi ya mkono wako. Nikageukia sinki nikijifanya naosha vifaa, nikalia. Kisha nikaliziba upya, na sikumwambia. Akanishika mikono, "Asante mwanangu, Sekela ametuachia mtu." Jana amenitumia maharage. Yako mezani kwenye mfuko wake, nimeshindwa kuyapika.

Wiki nzima nimekaa na jambo hili na sina wa kumwambia. Nikirudi nyumbani nawasha redio ili tu pawe na mtu anayeongea. Leo nikachukua kalamu nikuombe msamaha wewe, yaishe. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona ninachofanya. Nakuungamia wewe kwa sababu huwezi kunigombeza. Na jino si lako, Dada.

Jumamosi napanda Mbebe. Nitamkalisha Mama Atupele nimwambie kwamba jino lake halikuwa limeoza, kwamba nilikosea mimi. Asipotaka kunifungulia mdomo tena, ni haki yake. Naogopa, sikufichi.

Pumzika, Dada Sekela. Kazi yako ilikuwa nzima, na nakuahidi atalisikia hilo kutoka kwangu mimi niliyeiharibu.

Mdogo wako,
Anyimike