Mbeta za Chuma Sokoni Kihesa

Mpendwa Mama Severina,

Shikamoo. Naomba ushauri wako, na kama huna la kunishauri basi nisome tu mpaka mwisho, maana hapa nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena na mimi mwenyewe nimechoka kujisikiliza.

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa mmoja hapa Kihesa, Iringa, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nauza vitambaa, nilisoma mpaka kidato cha nne na tangu nimalize shule huandika kila siku kwenye daftari langu mambo yaliyotokea, tarehe juu, habari chini, kwa hiyo haya ninayokueleza sitegemei kumbukumbu. Mwaka jana tulipata wafadhili wa kututengenezea vyuma vya kuegeshea baiskeli sehemu tano za mtaa, ila waliweka sharti kwamba kila chuma kibuniwe na msanii na kisifanane na kingine, nasi tukampata Evarista, binti wa Nyololo anayechomelea vyuma mpaka unasahau kuwa ni chuma. Sikujua kwamba kukubaliana juu ya mahali pa kufungia baiskeli kunaweza kumzeesha mtu. Tulikaa vikao vinne, mmoja akataka twiga, mwingine akasema twiga ni wa watalii, mwingine akataka jina la mwenyekiti liandikwe juu, na kikao cha tatu chote kiliisha kwa kubishania rangi. Mwishowe ukapita mchoro wa mianzi, mashina ya chuma yamesimama kama kichaka na tairi linaingia kati ya shina na shina, na cha kwanza tukakubaliana kikae kona ya soko, ng'ambo ya msikiti.

Sasa nasoma kwenye daftari. Jumanne, 11 Machi 2025. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi alasiri, nimefunga na kichwa kinauma, Evarista akaja dukani na mchoro mpya. Alikuwa ameongeza mbeta, yaani kile kikopo cha mwanzi kinachofungwa kukinga ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, unapochuruzika, kila shina la chuma na mbeta yake. Akaniambia, "Katibu, baba yangu alinisomesha kwa ulanzi, madumu mawili huku, mawili huku, baiskeli inalia mpaka mjini. Nikisema baiskeli za Iringa nasema hizo. Ila pale ni karibu na msikiti, naomba uwaulize wazee kwanza. Wakikataa nitazitoa." Nikamwambia sawa, endelea, hakuna shida. Na chini yake nimeandika hivi: "Nimemkubalia. Sitawauliza. Siwezi kukaa kikao cha tano."

Kilisimikwa Jumamosi, 12 Julai. Mama, ni kizuri, sitasema uongo wa pili. Lakini haikupita hata saa moja, mzee mmoja kutoka Kalenga akafunga baiskeli yake, akagonga mbeta kwa kidole ikalia ngii, akanipigia kelele nikiwa dukani, "Katibu! Hapa mnafungua saa ngapi? Nipimie moja!" Soko zima likacheka. Mtu akatundika kikombe cha plastiki. Ambaye hakucheka ni Mzee Nasri, muuza viungo, ambaye duka lake linatazamana na kile chuma na ndiye mtu tunayemsikiliza pale msikitini. Alikuja taratibu, akaniuliza, "Katibu, watu wakitoka kuswali macho yao yanatua kwenye mbeta. Mimi niliulizwa na nani?" Jumatatu wakaja na akina mama wa kwaya ya Kilutheri, nao hawakutaka.

Alhamisi, 17 Julai, kikaitwa kikao, hicho hicho cha tano nilichokikimbia. Mwenyekiti wetu, Mzee Clement, akanigeukia mbele ya watu wote. "Katibu, hizi mbeta ulizijua?"

Nikasema, "Sikuelezwa, Mwenyekiti."

Evarista alikuwa amekaa kwenye benchi la karibu na mlango, glavu zake za kazi mapajani. Nilidhani atasimama anitukane. Akanitazama tu, akasema, "Sawa, Katibu," akachukua glavu zake akaondoka. Na watu wakaona kuondoka kwake ndiko kukiri kwake.

Tangu siku ile mtaani anaitwa yule binti aliyewachezea wazee. Vyuma vinne vilivyobaki amesimamishwa. Parokiani walikuwa wampe kazi ya geti, wamemwambia asubiri kwanza. Jumamosi hii, tarehe 9 Agosti, kamati inakutana kupitisha kwamba fundi mwingine, Jofrey, azikate mbeta zote kwa grainda na Evarista asipewe tena kazi mtaani kwetu, na mwandishi wa muhtasari ni mimi.

Sikupanga kumwangamiza mtu, nilichoka tu, na kweli rasmi sikuelezwa, maana hakuna barua wala sahihi, tuliongea dukani kama watu wanavyoongea. Nikisema ukweli nitakaaje safu moja na Mzee Nasri mara tano kwa siku? Nikinyamaza, si mbeta zitakatwa na mambo yataisha yenyewe? Nilimsomea mke wangu, Waridi, ule ukurasa wa Machi. Akasema, "Daftari lako linajua kila kitu, wewe ndiyo hujui. Mwandikie yule mama wa gazetini, labda yeye hajakuchoka." Nimekuandikia. Ukiichapisha barua hii naomba usitaje jina langu.

Katibu,
Kihesa, Iringa

*

Katibu, marahaba.

Kwanza pole. Pole ya kweli. Nami nimekaa vikao vya mtaa hapa Mbeya, najua kinavyokuwa kikao cha rangi, na mtu aliyefunga akiwa na kichwa kinachouma saa kumi alasiri namwonea huruma. Kama ungeishia kwenye Machi 11, ningekuandikia mistari mitatu ya kukutuliza na kukwambia upumzike.

Lakini hukuishia hapo. Kuchoka kulikufanya usiulize. Hakukukufanya useme "sikuelezwa" mbele ya binti aliyekueleza. Hayo ni mambo mawili, umeyakunja pamoja kama vitambaa vyako ili lile chafu lisionekane. Na hiyo "rasmi" yako iache dukani. Alikuja, akakuonyesha mchoro, akakuambia baba yake alibeba nini, na akakuomba uwaulize wazee. Katika mtaa mzima aliyemfikiria Mzee Nasri siku ile ni Evarista peke yake. Ndiye leo anaitwa mchezea wazee.

Unaniuliza kama ukinyamaza mambo yataisha. Yataisha kwako. Kwake yataanza. Wewe utaendelea kuuza vitambaa. Yeye kila geti atakaloomba kulichomelea, mtu atasema, huyu si yule? Tena utayaandika hayo kwenye muhtasari kwa mkono uleule ulioandika "Sitawauliza". Nashangaa mkono wako haukukataa.

Kuhusu Mzee Nasri, naona unamwogopa badala ya kumheshimu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: niliulizwa na nani? Hakusema chuma ni kibaya. Alisema hakuulizwa, na ni kweli, na ni kwa sababu yako. Angeulizwa Machi, pengine angesema pale hapana, kiwekeni kule chini wanakoshukia wenye madumu. Pengine na Evarista angesema sawa. Lilikuwa jambo la nusu saa na chai. Wewe ndiye uliyewanyima hao wawili nusu saa hiyo, na sasa wanachukiana bila hata kufahamiana.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Evarista kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimpelekee maelezo ya uchovu wako, yeye naye amechoka. Mwambie umesema uongo, na utausahihisha mbele ya watu walewale uliodanganya mbele yao. Asipokukaribisha ndani, sema ukiwa mlangoni. Asipokusamehe, usimsumbue, hukwenda kuchukua msamaha.

Kisha nenda na daftari kwa Mzee Nasri. Mtu mzima haambiwi jambo kama hili kwenye kikao pamoja na wengine. Msomee ukurasa wa Machi mpaka mstari wa mwisho, hasa mstari wa mwisho. Halafu mwulize swali ulilotakiwa kumwuliza wakati ule.

Jumamosi simama kabla muhtasari haujasomwa, usome ukurasa huohuo. Omba mbeta zisiguswe na grainda ya Jofrey wala ya mtu mwingine. Kama kuna kuhamisha, Evarista na Mzee Nasri wakae wakubaliane pa kuhamishia. Kama kuna kukata, akate aliyeziunganisha. Omba arudishiwe vile vyuma vinne. Na kabla ya Jumapili nenda parokiani useme hayohayo kuhusu geti. Baada ya hapo kalamu ya ukatibu waachie wenyewe waamue kama bado wanaitaka mkononi mwako. Wakiichukua, utapumzika, si ndicho ulichokuwa unakitafuta?

Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba. Lakini chuma chenye mbeta kiko kimoja Kihesa, na mtaa wenu una katibu mmoja. Ulilijua hilo ulipotia barua kwenye bahasha. Nadhani ulitaka mtu akusukume.

Haya, nimekusukuma. Leo ni Alhamisi, gazeti unalolisoma wewe Mzee Nasri naye analo juu ya meza ya viungo, na bado hajafika ukurasa huu. Likunje. Chukua daftari. Evarista kwanza.

Mama Severina