Nguzo ya Watu wa Ilembe

Jumapili, 15 Septemba 1974

Leo tena tumekaa mlangoni mwa kanisa. Sisi wa Mbeya — mimi, Nikodemo mume wangu, na Andwele mwenye duka na familia yake — hapo ndipo mahali petu, upepo wote unatupitia. Kanisa la Moraviani huku hakuna, basi tunasali na Wakatoliki, na Mungu hajalalamika. Ila kwao huwezi kukaa utakapo. Wazee walipolijenga kanisa hili, zamani za Wajerumani, kila kijiji kilichoma matofali ya nguzo yake na kukandamiza alama yake tofali likiwa bichi: jembe, samaki, unyayo wa kuku. Mpaka leo kila mtu anakaa chini ya nguzo ya kwao. Ukikosea, unaguswa bega kwa upole. Mimi nimeguswa mara nyingi.

Silalamiki. Kanisa ni zuri mno. Yale matao yanavyoruka kutoka nguzo hadi nguzo! Nikitazama juu nasahau mahubiri.

Jumanne, 17 Septemba

Bruda fundi amekuja na pikipiki kutoka Sumbawanga. Nguzo ya Ilembe imepasuka kutoka chini hadi tao linapoanzia. Kwa sasa ameliegemeza tao kwa magogo. Isipojengwa upya kabla ya mvua, anashusha bati na kanisa linafungwa.

Shida ni kwamba watu wa Ilembe hawapo. Operesheni ya Vijiji iliwapakia kwenye malori, sasa wako Kabwe, ziwani, wanazoea dagaa. Na nguzo ya kijiji haiguswi na kijiji kingine. Nikamuuliza katekista, mzee Kalisti: hata kama jengo linaanguka? Akasema hata kama. Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Ijumaa, 20 Septemba

Siamini bado. Jioni mzee Kalisti kaja nyumbani na Bertilla, jirani yangu. Nikadhani mwanangu Suma amefukuza kuku wao tena. Wakanywa chai, wakazungumza habari za ulezi, za mahindi, za ulezi tena. Ndipo mzee akasema wazee wamekaa kikao. Kuna nguzo isiyo na watu, na kuna watu wasio na nguzo. Tuichukue sisi. Tuchome matofali, tuweke alama yetu.

Bertilla akauliza mbona Mama Suma analia, kwani tumempa nini zaidi ya kazi ya udongo? Bertilla huyu ndiye aliyempokea Suma wangu kwa mikono yake, barabara ya Sumbawanga ikiwa imekatika kwa mvua. Leo amenipokea na mimi. Asante Mungu. Asante, asante.

Nikodemo anasema baba yake akisikia tunajenga Ukatoliki, mchele anaotutumia kutoka Kyela hatutauona tena. Lakini anachekacheka peke yake.

Jumatano, 2 Oktoba

Matofali. Mgongo. Darasa langu la sita wamesaidia kipindi cha kujitegemea. Alama tumegombana — Andwele alitaka mizani, ya dukani kwake! Tumekubaliana jani la mgomba.

Jumapili, 6 Oktoba

Ametokea mama mmoja wa Ilembe. Silvana. Amepanda kutoka ziwani, miguu imevimba. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za nguzo. Misa imeanza, akapita katikati moja kwa moja hadi penye nguzo yao. Haipo, imeshabomolewa. Magogo na kifusi. Akakaa juu ya kifusi kile, akatoa rozari. Hakuna aliyemgusa bega.

Baadaye nikampa shikamoo, nikajieleza. Niliogopa sana. Aliokota kipande cha tofali lao la zamani, lenye alama yao, suke la ulezi, akaniuliza kama najua kukanda udongo wa kichuguu. Nikasema najifunza. Akasema, "Nitakufundisha, mwanangu. Lakini wenzangu wa Kabwe wakiniuliza nguzo yao iko wapi, niwajibu nini?"

Nimerudi nyumbani na swali lake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jibu ninalo. Matofali ya tanuru la mwisho bado ni mabichi. Kila moja litakuwa na suke la ulezi kushoto, jani la mgomba kulia. Mama Silvana akatazama, akasema suke langu ni mkia wa panya. Nikarudia. Likakubalika.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nguzo imefika kwenye tao! Nimeipapasa kama mtoto.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika kwenye ngazi za kanisa, daftari magotini. Mawingu yamejaa upande wa ziwa. Bruda anatoa magogo leo.

Asubuhi hii ndipo mzee Kalisti ananiambia, kama mtu anayekumbusha chumvi: magogo yakitolewa, wenye nguzo hubaki ndani, migongo kwenye matofali, mpaka gogo la mwisho. Ndivyo baba zao walivyofanya. Mbona hukusema mapema, mzee? Akasema ningekataa.

Bruda amekasirika, ametaka kila mtu atoke. Wametoka — wa jembe, wa samaki, wa kuku. Mama Silvana hajatoka. Ameegemea nguzo, macho amefumba. Bruda amemsihi hadi amechoka, ameshika nyundo.

Nikodemo amemshika Suma mkono. Ananitazama, anajua ninachowaza. Ameuliza tu kama udongo umekauka vizuri. Nimesema nadhani. Udongo wenyewe nimeukanda mimi.

Naogopa. Miaka minne nimekaa mlangoni.

Gogo la kwanza limegongwa. Vumbi linatoka hadi huku. Bertilla amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono nimpe daftari, niingie.