Watakachojaza kwenye Mashine ya Leticia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Dorice kapiga kutoka Dar. Mwanetu atapasuliwa moyo Ijumaa. Wodi inataka mlezi mmoja tu, kwa hiyo Dorice, mama yake, yuko huko, mimi nimebaki Mpanda na injini zangu za dizeli. Nimemkumbuka Leticia mpaka naumwa! Akikimbia kidogo tu gereji, anakuja kuchuchumaa pembeni yangu, midomo bluu. Nilidhani anakagua spana. Miaka mitatu — fundi mzima! — sikujua mtoto anatafuta pumzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimegombana na daktari kwenye simu. Kuna mashine itakayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wanashona. Lazima ijazwe kwanza, hewa yote itoke. Hilo naelewa, dizeli ikiingia hewa gari haliwaki. Lakini kujaza maji ya dripu? Nikafoka: nyie, mnamchanganyia mwanangu maji! Daktari Cletus hakukasirika. Akasema ugonjwa umeifanya damu ya Leti nzito kupita kawaida, huenda maji yakatosha. Tatizo kilo zake, kumi na moja tu, damu yenyewe mwilini ni kidogo. Damu ikielekea kuwa nyepesi mno, wataongeza ya mtu. Wataamua asubuhi ile ile wakishapima.
Nikasema wekeni yangu. Akasema taratibu, fundi, uko mbali.
Mbali. Kama sijui!

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda kutoa damu hapa hapa. Nikamwomba nesi aandike jina la Leti kwenye mfuko, nimkabidhi kondakta wa basi la Dar, kama tunavyotumiana vipuri. Kacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha. Akasema ya hapa inabaki hapa, kuna mama kaletwa kutoka Mishamo anaisubiri. Sawa, nimetoa. Ila nilitaka kitu changu kiwe naye mle ndani.

Alhamisi, 6 Machi
Leti kwenye simu: Baba, njoo. Nikasema nakuja. Nimemdanganya.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne. Dorice anasema wamepima, wamechagua maji na damu kidogo ya mtu tusiyemjua. Mungu ambariki huyo mtu. Namwonea wivu!
Saa tano kasoro. Nesi katoka kumwambia Dorice moyo wameshausimamisha. Kwa makusudi! Mwanangu anaendeshwa na mashine. Mteja wangu Masunga kaleta trekta, linanguruma mlangoni. Nimempigia kelele: zima! Kazima. Kauliza, fundi, kuna nini? Nimeshika simu. Sasa gereji nzima iko kimya, na simu haijalia —