Mstari Nilioruka

Mjukuu wangu Veronika,

Marahaba, mama. Tumsifu Yesu Kristo. Huku Misigiri tunavuna alizeti, na mguu wa babu yako umepona, ameanza tena kunigombeza.

Unauliza kama ni dhambi kuyapita masomo ya Biblia ya siku yanayokuchoma. Hilo muulize padri. Mimi nitakuambia langu.

Nilikuwa bado mke kijana, msomaji wa Injili katika jumuiya yetu ya sala. Kuku wa jirani yangu, Mama Yasinta, walikula alizeti niliyoianika, nikamtukana mbele za watu. Tukawa hatusemezani. Wiki ile jumuiya ikasali kwake. Kufungua Injili ya siku, nakuta pale Yesu anaposema uiache sadaka yako altareni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Nikauruka mstari huo, nikaendelea kwa sauti kubwa. Mama Yasinta hakujua kusoma, basi nikajiona mjanja.

Tulipomaliza alinisindikiza mpaka njiani. Ndipo akasema, "Asubuhi niliusikia ule mstari misani. Nimeshinda nikisubiri uusome, nipate pa kuanzia kukuomba radhi kwa ajili ya kuku wangu."

Yeye aniombe radhi mimi, niliyemtukana!

Nikafungua kitabu palepale njiani, nikamsomea mstari ule yeye peke yake. Ile sauti kubwa sikuwa nayo tena.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea kila asubuhi,
Paulina