Mfuko Mgumu, Mgumu kwa Nani?

Alhamisi, Julai 2008, Nachingwea. Upepo wa kipupwe umepeperusha vumbi kutwa nzima, na mimi moyo unanichemka.

Shajara yangu, leo nimechekwa ukumbini mbele za watu.

Walikuja maofisa kutoka Dar kutueleza habari za mifuko ya uwekezaji. Mfuko mmoja ni rahisi, wakasema: watu mnachanga, wataalamu wanaikopesha serikali na mabenki, riba mnagawana. Halafu upo mwingine wanaoufikiria kuuanzisha. Huo unanunua hisa za makampuni yote ya soko la hisa, na wenyewe unauzwa vipande palepale sokoni. Huo wanataka kuuita mgumu, mtu wa kawaida asiuziwe mpaka apewe mtihani. Eti wamekuja kuchukua maoni yetu.

Mimi ni Mwislamu. Mfuko wa riba siutaki, hata uwe rahisi kama kumeza mate. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, wanangu wana maisha yao, na hela ya ufuta ninayoitunza ndiyo uzee wangu. Natafuta pa kuiweka pa halali. Huo wa hisa ndio ulionitia matumaini.

Nikasimama, nikamuuliza ofisa aliyekuwa akieleza. "Mwanangu, humo mna kampuni gani? Ya bia imo?"

"Imo, mama. Mfuko unafuata soko zima."

"Haiwezi kutolewa?"

"Mama yangu, ndiyo maana tunasema huu ni mgumu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja huko nyuma akadakia, "Bibi anaogopa hela yake itarudi imelewa!" Hata shoga yangu Mama Anjela, mwanakwaya yule, alijiziba uso kwa khanga, mabega yanamtikisika.

Nikakaa. Lakini nimekasirika, jamani!

Nilichouliza kina ugumu gani? Huku kwetu mnunuzi hanunui gunia la ufuta kwa kuambiwa. Analichoma bambo, ule mrija wa chuma, zinatoka punje za katikati, kama kuna mchanga unaonekana. Hakuna anayemuuliza kafika darasa la ngapi. Hawa wanataka kumpima mnunuzi, gunia wameliacha limeshonwa.

Na huo wa riba, unaonitia dhambini, ndio wameuita rahisi.

Nani aliniuliza?

Nakiri, yapo ambayo sikuyaelewa. Yule ofisa alisema bei ya vipande inapanda na kushuka siku hiyohiyo, unaweza kuuza ukala hasara. Hapo kanitahadharisha, namshukuru. Ila kunitahadharisha si kunifungia mlango.

Tulipotoka Mama Anjela akaniambia, "Shoga, nisamehe, kicheko kilinizidi. Lakini hata mimi hela yangu kwenye bia siitaki."

Basi tuko wawili.

Kesho wanafanya mkutano kama huu Ruangwa. Nikishaswali alfajiri tunakwenda, na tutakaa mbele. Wakisema tena bia haitoki, hela yangu nitaipeleka wapi, ee Mola? Sijui. Ila safari hii wanijibu, wasinicheke.